Seti ya zawadi yenye rangi za Iringa: anza na usichokitia rangi

Swali: Shikamooni wataalamu. Nina duka dogo la zawadi hapa Iringa mjini. Nauza vikapu vya milulu, foronya za mito ya kochi, vitambaa vya meza na treyi za mbao ya paini. Nataka vyote viwe na rangi zinazoendana, mtu akibeba seti kwenda Dar kwenye sendofu au kicheni pati, watu wakiiona tu wajue imetoka Iringa. Nimetumia kijani, njano, nyekundu na nyeusi, lakini duka limekaa kama ofisi ya chama. Foronya nilizotia rangi mwenyewe mwezi Juni zinachuja kila zikifuliwa, ingawa niliziloweka kwenye chumvi na siki. Vikapu vya zambarau na pinki nilivyopanga dirishani vimepauka ndani ya miezi miwili. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na kamwene pia. Tuanze na kitu ambacho hukukiuliza. Weka mezani kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, kisichotiwa rangi, kipande cha marikani ambayo haijapaushwa, na ubao wa paini uliopigwa randa. Vitazame pamoja saa tatu asubuhi, mlango ukiwa wazi. Hiyo tayari ni Iringa ya mwezi wa nane, nyasi zimekauka na vumbi limesimama juu ya barabara. Sehemu kubwa ya seti yako unayo kabla hujanunua kopo hata moja la rangi.

Rangi ulizochagua si mbaya, ila umezitoa kwenye majina. Mtu anasema Iringa ni kijani, anafungua kopo la kijani. Lakini kijani cha kopo hakipo popote kati ya Kihesa na Ipogolo. Rangi ya mji inasomwa kwenye kitu chenyewe, kwa karatasi mkononi.

Chukua karatasi nyeupe kabisa na kadi za rangi za duka la rangi za nyumba, upande Gangilonga, jiwe ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe lisemalo. Nenda mara mbili: kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na moja jioni. Saa sita usijisumbue, jua la utosini linafuta kila kitu. Laza karatasi juu ya jiwe, kisha sogeza kadi pembeni yake. Ile karatasi inalazimisha jicho kukubali kwamba kijivu cha jiwe si cha bluu kama ulivyodhani. Kina joto ndani yake, kama majivu ya kuni yaliyochanganyika na vumbi. Utaona michirizi myeusi ambako maji ya mvua hupita, na madoa ya ukoga mkavu, mengine ya kijani kilichofifia, mengine ya chungwa kabisa, upana wa kiganja. Ya chungwa ni machache. Ukumbuke uchache huo, tutauhitaji.

Picha ya simu haifai kwa kazi hii. Simu hujisawazisha yenyewe: jioni inapooza wekundu, kwenye kivuli inaongeza joto, na kila kioo kinaonyesha kivyake. Piga picha kwa kumbukumbu tu, lakini namba ya rangi iandike kutoka kwenye kadi.

Kwa udongo, chota kidogo, lowesha, sugua kwa kidole kwenye karatasi nyeupe, uache ukauke. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu, kwa hiyo rangi utakayoiona ni ya kutu hasa: chungwa iliyopoozwa, yenye kahawia ndani. Haifiki hata karibu na nyekundu uliyonunua. Ukitaka kuona ngazi yake nzima mahali pamoja, nenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Zile nguzo zilizochongwa na maji zinatoka kwenye krimu hadi kahawia nyekundu bila kuruka hatua. Watu wengi huenda pale kwa ajili ya zana za mawe za kale. Wewe nenda na kadi za rangi.

Kijani kina mtego. Mvua zikishika, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Iringa ni ya kijani kama mji wowote wenye mvua, na kijani hicho hakiwezi kuutofautisha na Morogoro. Kinachobaki mwaka mzima ni kijani kizito cha misonobari na kijani kilichopauka cha vichaka vya mlimani, kinachokaribia majivu. Kwa nguo chagua hicho cha pili. Cha misonobari kikikaa karibu na rangi ya kutu kinaifanya ionekane nyekundu kuliko ilivyo, na utarudi kulekule kwenye ofisi ya chama.

Kwa hiyo rangi zako ni tano: milulu, kijivu cha jiwe, kutu ya udongo, kijani cha kichaka, na chungwa la ukoga. Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua. Seti nzima ukiitandaza mezani, sehemu 6 kati ya 10 ziwe rangi ya malighafi yenyewe, yaani milulu, marikani na mbao. Sehemu 3 zigawanywe kati ya kijivu na kutu, kimoja kikizidi kingine wazi; vikilingana vinagombana. Sehemu 1 inayobaki wagawane kijani na chungwa, na chungwa lenyewe lisizidi upana wa uzi: ukingo wa foronya, mshono wa mpini wa kikapu, mstari mmoja kwenye ukuta wa treyi. Chungwa likiwa zulia, jiwe limepotea.

Kwa mfano, seti ya mito minne: miwili marikani tupu yenye ukingo wa kutu, mmoja kijivu, mmoja kutu. Kikapu kiwe cha milulu mitupu na pete mbili za kahawia. Mteja akiomba "weka rangi kidogo jamani", mwongezee kitambaa cha meza cha kijani, usiguse kikapu.

Hesabu hii haihami na basi. Mtu wa Mbeya akiuliza swali hilihili angeambiwa mengine kabisa: kule ukungu na kijani kibichi ndivyo vinavyobeba sehemu 6, na udongo wa volkano wa upande wa Rungwe ni mweusi kuelekea kahawia, hauna kutu hii. Tunalitaja kwa sababu wauzaji wengi huchukua seti ya mji mmoja wakabadilisha lebo tu.

Tuje kwenye foronya zilizochuja. Huenda zimepigwa na mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni kitambaa chenyewe. Kata uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Tetroni inayeyuka, inajikunja na kuacha kitone kigumu. Ukikuta kitone, hakuna rangi ya pamba itakayoshika vizuri humo, hata ufanye nini. Na marikani ikitoka dukani ina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kuingia sawasawa, ndiyo maana unapata mabaka. Ichemshe nusu saa kwenye maji yenye sabuni ya unga na vijiko vikubwa viwili vya soda eshi, ile wanayouza wauzaji wa kemikali za sabuni, uisuuze vizuri. Maji yatatoka ya manjano. Usishtuke. Kitambaa kikiwa tayari, tone la maji linazama hapohapo. Likibaki limesimama juu, rudia.

La pili ni chumvi na siki. Wazo hilo linazunguka mitaani kwa nguvu sana na halina faida kwa pamba. Siki inasaidia rangi za sufu na hariri. Kwa pamba inayotiwa rangi za riaktivu, ambazo ndizo tunazokushauri, kinachofunga ni soda eshi: rangi inaungana na uzi pale tu maji yanapokuwa na ukali wa soda. Siki inaua ukali huohuo. Chumvi ina kazi, lakini ni ya kuisukuma rangi isogee kwenye uzi, haifungi chochote.

La tatu ni Juni. Rangi za riaktivu za ubaridi zinaitwa za ubaridi kwa sababu hazihitaji kuchemshwa, si kwa sababu zinapenda baridi. Zinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 35 hadi 40, na maji yakishuka chini ya 20 karibu zinalala. Kipupwe cha Iringa, maji ya bomba asubuhi, ndoo juu ya sakafu ya saruji: uliloweka saa nzima lakini rangi haikuungana na uzi. Ilikaa juu tu kama vumbi, na kila ukifua inaondoka.

Fanya hivi. Foronya 6 za sentimita 45 kwa 45 za marikani ni kama gramu 500 zikiwa kavu. Pima kwa mizani ya jikoni, usikisie. Tia lita 10 za maji vuguvugu, ya kuogeshea mtoto, kwenye ndoo ya lita 20. Yeyusha gramu 500 za chumvi ya kawaida. Rangi ya unga ikoroge kwanza pembeni na maji kidogo hadi iwe uji laini, halafu mimina: gramu 5 kwa rangi hafifu, 10 kwa ya kati, 20 kwa iliyokolea. Vaa glavu na barakoa wakati wa kupima unga, maana vumbi lake likiingia kifuani mara kwa mara linaleta pumu. Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, geuza bila kupumzika dakika 10, kisha mara kwa mara hadi dakika 20 zitimie.

Sasa soda. Gramu 150 hadi 200 za soda eshi, iyeyushe pembeni kwenye maji ya moto. Sogeza kitambaa upande mmoja wa ndoo, mimina soda upande wa pili kidogokidogo, mara tatu, ukigeuza. Ukiimwagia kitambaa moja kwa moja utapata doa ambalo halitoki. Usinunue kostiki soda kwa kudhani ni ileile, inachoma ngozi. Magadi ya kupikia nayo yanatofautiana nguvu, huwezi kuyapimia. Funika ndoo, izungushie blanketi kuukuu, ipandishe juu ya ubao isiguse sakafu. Geuza kila dakika 10 kwa saa nzima. Ukitia mkono wenye glavu na maji yamepoa, chota lita 2 uzipashe, uzirudishe. Rangi iliyokwisha kuchanganywa na soda haiwekwi hadi kesho. Ndani ya saa chache inaungana na maji badala ya uzi, na ndoo inabaki na rangi nzuri isiyofanya kazi.

Kufua baada ya hapo ndiko watu wanakokatia njia. Sehemu ya rangi haitaungana na uzi hata ukifanya kila kitu sawa, na hiyo lazima itolewe kwako, isitolewe kwa mteja. Suuza kwa maji baridi hadi yapungue rangi. Kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka yenye sabuni kidogo, loweka dakika 15, mwaga, rudia. Kwenye mwinuko wa Iringa, kama mita 1,600, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo ongeza mara ya tatu kwa rangi zilizokolea. Mwisho kunja foronya yenye unyevu ndani ya kitambaa cheupe, pigia pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikibaki cheupe, uza.

Kuchanganya. Kwa kutu, anzia na sehemu 6 za njano ya dhahabu, 3 za nyekundu na 1 ya bluu, ujaribu kwenye vipande vya upana wa vidole viwili kabla ya kugusa foronya. Kipande kikilowa kinaonekana kimekolea zaidi kuliko kitakavyokuwa, kwa hiyo kihukumu kikiwa kikavu. Ikiwa kali mno, ipooze kwa bluu, tone kwa tone. Usiipooze kwa nyeusi, inakuwa rangi ya matope ya karakana. Kijivu kina tabia yake: nyeusi ya dukani ikizimuliwa inavuta kuelekea bluu au zambarau. Tia tone la ule mchanganyiko wa kutu ndani yake na utaliona jiwe likitokea. Andika kila kipimo kwenye daftari na ubane kipande chake kwa pini, vinginevyo oda ya pili haitafanana na ya kwanza, na mteja wa seti huyaona hayo haraka.

Vikapu sasa. Zile rangi za unga zinazong'aa sana, pinki ya kuwaka, zambarau, kijani cha kasuku, hushika majani upesi na kwa bei ndogo, ndiyo maana wasukaji wanazipenda. Zina adui mmoja, naye ni jua. Dirisha lako linaloingiza jua limefanya ndani ya miezi 2 kile ambacho sebule ya mteja ingekifanya kwa mwaka. Na kwa kweli zambarau ile haina mahali kwenye jiwe wala udongo. Iache.

Kwa pete za kahawia tunapendekeza magome ya miti ya miwati, ile ya mashamba ya Njombe. Yana tanini nyingi, kemikali ya asili ya magome, na tanini inashika milulu bila kubembelezwa. Rangi unaitia kwenye milulu kabla ya kusuka. Kikapu kilichokwisha kusukwa kinanywa rangi kwenye vinundu na kukataa kwenye kingo.

Kwa gramu 500 za milulu mikavu, katakata gramu 500 za magome makavu, loweka usiku kucha, chemsha saa moja, chuja. Wakati huohuo milulu ichemshe kidogo peke yake, dakika 20, kwenye maji yenye kijiko kimoja cha soda eshi kwa lita 3, kutoa ule utelezi wa nta juu ya jani, kisha isuuze. Itie kwenye maji ya magome, moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima, uiache humo hadi asubuhi. Itatoka kahawia yenye wekundu. Ukitaka nyeusi ya ile michirizi ya Gangilonga, andaa maji ya kutu: misumari iliyoota kutu kwenye siki na maji nusu kwa nusu, wiki 2, chupa isifungwe sana maana inatoa gesi. Nusu kikombe cha maji hayo kwenye ndoo ya lita 10, tumbukiza milulu iliyokwisha kunywa magome, dakika 5 hadi 10 tu. Utaiona ikigeuka mbele ya macho yako, kutoka kahawia hadi kijivu cha risasi hadi karibu nyeusi. Usizidishe kwa tamaa ya weusi. Chuma kikizidi kinakula jani, na baada ya mwaka milulu inakatika kwenye mkunjo kama tambi kavu. Suuza mara tatu, anika kivulini kwa vifungu vyembamba. Vifungu vinene vinaota ukungu katikati huku nje vimekauka, na ukungu huo mteja wa Dar ataugundua kabla yako kwa sababu ya joto na unyevu wa kule.

Sufuria ya kazi hii iwe ya enameli isiyochubuka au ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini inabadilisha rangi, na yoyote utakayotumia isirudi jikoni.

Ukipenda rangi nyingine laini kwenye foronya, kokwa za parachichi. Njombe na Rungwe wanakula na kuuza parachichi kwa wingi, kokwa zinatupwa. Kumi na tano hivi za parachichi aina ya Hass, zilizooshwa na kukatwa, kwa gramu 500 za marikani. Zipike saa moja maji yakitetemeka tu bila kuchemka, ziache zipoe usiku kucha, kisha tia kitambaa nacho kilale humo. Inatoka pinki ya vumbi, kama jiwe saa kumi na mbili jioni. Ukichemsha kwa nguvu inakuwa kahawia. Inafifia taratibu juani, kwa hiyo mwambie mnunuzi, naye ataamua. Manjano ya jikoni na maji ya bitiruti usiyaguse kabisa. La kwanza linapauka kwa siku chache za jua, la pili linatoka kwenye maji ya kwanza.

Treyi. Paini ya Mufindi ni nyepesi na inapatikana, lakini ukinunua mbao mbichi kwa sababu ya bei, treyi itajikunja pembe moja baada ya mwezi na haitakaa sawa mezani tena. Dai iliyokaushwa kwenye tanuri, au zipange ndani zikiwa na vipande vya kuzitenganisha hadi uzito wake uache kushuka ukipima wiki kwa wiki. Vifundo vinatoa utomvu unaopenya rangi na kuacha duara la manjano. Vipake sheleki, aina ya vanishi, mara mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Na hapa unaweza kufanya jambo ambalo hakuna muuza zawadi wa Dar atakayeliiga: tumia udongo wenyewe. Koroga udongo mwekundu kwenye ndoo ya maji, subiri dakika 1 mchanga uzame, mimina yale maji mekundu kwenye ndoo ya pili. Rudia hadi vidole visihisi chenga. Acha yatulie hadi kesho, mwaga maji ya juu, anika tope jembamba linalobaki, lisage, lichekeche kwa kitambaa cha bafta. Unga huo kipimo 1, gundi nyeupe ya mbao kipimo 1, maji vipimo 2. Paka kwa brashi kufuata mshipa wa mbao, subiri dakika 5, futa kwa kitambaa. Mshipa unabaki unaonekana na rangi inakaa ndani ya mbao. Ikikauka kabisa, vanishi mara mbili, na msasa laini katikati. Vanishi itaikoleza kama maji yanavyokoleza udongo, kwa hiyo zimua zaidi ya unavyotaka. Kwenye nguo unga huu haufai, unatoka ukifuliwa. Usiupake pia ndani ya bakuli la chakula. Ukuta wa nje wa treyi na chini yake panatosha.

Ukija kuongeza vyungu vya Wakisi, wale wa Ikombe wanaouza kule Matema ziwani, viache na rangi yao. Chungu kinapumua maji. Ukikipaka rangi ya mafuta, unyevu unasukuma kutoka ndani na rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Kuhusu alama za Iringa kwenye zawadi, tuna maoni yetu. Mgolole usiukate kuwa kishikio cha sufuria, ni vazi la heshima la watu waliokuzunguka. Na fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga, si pambo la kikombe. Majina ya mahali yanatosha: mto wa kijivu uite Gangilonga, wa kutu Isimila, kwa kadi ndogo yenye mistari miwili na maelekezo ya kufua. Maelekezo yaseme wazi: mara ya kwanza ufuliwe peke yake, uanikwe kivulini, upigwe pasi kwa ndani.

Kabla hujapanga seti dukani, itazame chini ya taa zako za usiku. Taa nyeupe za bei rahisi zinageuza kijivu chenye joto kuwa cha kijani na kuiua kutu. Balbu ya mwanga wa manjano juu ya rafu ile moja inagharimu kidogo kuliko foronya moja. Dirishani weka kitu cha kuonyesha ambacho huuzi, ukibadilishe kila mwezi.

Zile foronya za Juni usizitupe. Zifue kwa maji ya kuchemka na sabuni hadi maji yatoke meupe, hata ikichukua mara tano, kisha zitie kijivu cha gramu 20 kwa utaratibu huu mpya. Kijivu kinameza nyekundu na kijani vikiwa vimefifia. Njano itabaki ikionekana kidogo chini yake, na kwa jiwe hilo si baya. Vikapu vilivyopauka havirudi. Rangi mpya itakaa kwa mabaka juu ya kikapu kilichosukwa. Vitumie kubebea seti mpya kama vifungashio, vikiwa vimegeuzwa ndani nje. Upande ule haukupigwa na jua, na ukiwa na bahati msukaji wako alificha mafundo vizuri.